Swali Ndilo Linalojenga Kikundi: Kumbukumbu za Madarasa Yaliyojaa

Kazi ya vikundi darasani ni utaratibu ambao mwalimu huwagawa wanafunzi katika makundi madogo, kwa kawaida ya watu wawili hadi sita, na kuwapa swali au shughuli watakayoikamilisha kwa kuzungumza, kujaribu na kuamua pamoja. Shabaha yake si kumpumzisha mwalimu, wala si kupamba andalio la somo siku mthibiti ubora anapopita. Ni kumpa kila mwanafunzi nafasi ya kukitumia alichonacho kichwani: akiseme, akitetee, akisikie kikipingwa na akirekebishe kabla kengele haijalia.

Yanayoelezwa hapa yametokana na kumbukumbu za kufundisha Hisabati na Fizikia katika sekondari za kata nchini Tanzania. Vyumba vyake vilikusudiwa wanafunzi 40 au 45, lakini kupokea 70 au 80 lilikuwa jambo la kawaida. Katika mazingira hayo, kazi ya vikundi ilionekana ikifaulu na ikishindwa, mara nyingine katika shule moja, wiki moja, kwa walimu waliosomea chuo kimoja. Tofauti haikuletwa na idadi ya wanafunzi, kwa kuwa madarasa yote yalikuwa yamejaa. Haikuletwa na mpangilio wa madawati pia. Ililetwa na swali walilopewa wanafunzi baada ya kugawanywa. Swali linaloweza kujibiwa na mmoja huacha wengine watazamaji hata wakikaa duara. Swali linalohitaji vichwa vyote hujenga kikundi hata kwa wanafunzi waliobanana kwenye dawati moja linaloelekea ubaoni.

Mbinu hii ilivyofika madarasani

Wanafunzi kusomeshana si jambo geni Afrika Mashariki. Katika madrasa za pwani, aliyetangulia humsikiliza na kumsahihisha anayeanza, huku mwalimu akipokea masomo ya mmoja mmoja. Katika sekondari, za bweni na za kutwa, wanafunzi hukutana jioni kwa kile wanachokiita diskasheni: mmoja hushika chaki, wengine humzunguka na maswali ya mitihani iliyopita. Hakuna mwalimu anayewaamuru. Na mara nyingi aliyeshika chaki ndiye anayeondoka na faida kubwa kuliko wote, kwa kuwa kueleza kunamlazimu apange upya mambo aliyokuwa akiyajua nusunusu.

Katika taaluma ya elimu, msingi wa mbinu hii huhusishwa mara nyingi na Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyeishi kati ya 1896 na 1934. Alitenganisha mambo mawili: kile mtoto anachokiweza peke yake, na kile anachokiweza akisaidiwa na mtu mzima au mwenzake aliyemzidi kidogo. Ufundishaji wenye tija, kwa hoja yake, hulenga nafasi iliyopo kati ya mambo hayo. Mwaka 1971, Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni utaratibu wa kugawana somo vipande vipande katika shule za mji wa Austin, Texas, ambako watoto weupe, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa ndiyo kwanza wamewekwa darasa moja na walikuwa wakivutana. Kila mwanafunzi alipewa kipande chake cha somo ambacho wenzake hawakuwa nacho, akalazimika kuwafundisha. Hapakuwa na njia ya kujua somo zima bila kumsikiliza kila mmoja.

Nchini Tanzania, waraka wa Mwalimu Julius Nyerere wa Machi 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea ulizitaka shule zijenge moyo wa ushirikiano na akili ya kudadisi, badala ya kuandaa wachache kwa ajili ya mitihani. Mitaala iliyorekebishwa mwaka 2005 ilihamisha mkazo kutoka kwenye maudhui kwenda kwenye umahiri, na ikamtaka mwalimu atumie mbinu shirikishi. Kenya nayo, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mwaka 1998 mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari, ukisisitiza shughuli za wanafunzi, majaribio na vifaa vinavyobuniwa kutokana na vitu vya kawaida.

Agizo la kufundisha kwa kushirikisha lilifika wakati madarasa yanajaa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002, na wa sekondari, MMES, ukafuata mwaka 2004 pamoja na wimbi la ujenzi wa shule za kata. Mwaka 2016 ada ziliondolewa hadi Kidato cha Nne. Watoto ambao zamani wangebaki nyumbani waliingia shuleni, na hilo ni jambo jema lisilohitaji kujadiliwa. Lakini idadi ya vitabu na ya walimu haikuongezeka kwa kasi ileile. Katika shule nyingi kikundi kilizaliwa na uhaba: kitabu kimoja, wanafunzi sita, mmoja anasoma kwa sauti na watano wanasikiliza. Hapo ndipo walimu wengi walipopata mazoea ya kuita kikundi kile ambacho kwa kweli ni foleni ya kitabu. Kugawana kitabu si kugawana fikra, na mengi yaliyoharibika baadaye yalianzia kwenye kuchanganya mambo hayo mawili.

Hesabu ya dakika

Sababu ya kwanza ya kutumia vikundi katika darasa kubwa ni ya kihesabu. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Mwalimu akitenga dakika 20 za maswali na majibu, na kila jibu likichukua nusu dakika, atapata majibu 40. Darasa likiwa na wanafunzi 80, nusu yao watatoka bila kusema neno hata kama hakuna anayerudia kujibu. Na kwa desturi wanarudia: mikono inayonyooshwa ni ileile ya madawati ya mbele, na mwalimu mwenye haraka huifuata kwa sababu majibu yake humwezesha kusonga.

Darasa lilelile likigawanywa wawili wawili kwa dakika nane, kila mwanafunzi anapata dakika nne za kuzungumza. Watu 40 wanasema kwa wakati mmoja. Kelele inayotokea ni matokeo ya hesabu hiyo, si dalili ya utovu wa nidhamu. Hata hivyo kelele ni tatizo la kweli pale ukuta unaotenganisha madarasa unapoishia chini ya kenchi, na mwalimu wa darasa jirani anafanya jaribio. Walimu walioendelea na vikundi bila ugomvi na majirani walifanya mambo matatu: walitaja muda kamili kabla ya kuanza, walifundisha ishara moja ya kunyamaza, kwa kawaida mkono ulioinuliwa au makofi ya mdundo, na waliifuata ishara hiyo bila kuibadilisha muhula mzima. Darasa lililozoea ishara hunyamaza kwa sekunde chache. Lisiloizoea humpotezea mwalimu dakika tano kila anapotaka kusema jambo.

Kazi ya wawili wawili ina faida nyingine: haihitaji kuhamisha chochote. Mwaka 1981, Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliupa utaratibu huu sura ambayo sasa inafundishwa katika vyuo vingi vya ualimu: mwanafunzi afikiri peke yake kwanza, azungumze na jirani yake, kisha wachache washirikishe darasa zima. Hatua inayorukwa zaidi ni ile ya kwanza. Mwalimu anasema “jadilianeni” mara tu anapomaliza kuuliza, na anayefikiri upesi anajibu kabla mwenzake hajaelewa swali. Dakika moja ya kimya, kila mmoja akiandika jibu lake kwenye daftari la mazoezi, hubadilisha mazungumzo yote yanayofuata. Kila mmoja huingia na kitu mkononi, hata kama amekosea. Kosa lililoandikwa hujadiliwa kwa urahisi kuliko wazo ambalo halijatamkwa.

Ukubwa na mkao

Kwa shughuli zinazohitaji maoni zaidi ya mawili, watu wanne au watano wanatosha. Kikundi cha watu kumi si kikundi kidogo. Hicho ni darasa dogo lisilo na mwalimu, na ndani yake wawili au watatu hufanya kazi, wengine hupiga soga.

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alilipima jambo hili kwa kamba. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1913, aliwavutisha watu kamba mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Kadiri kundi lilivyokua, mchango wa kila mtu ulipungua, na katika kundi la wanane kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu iliyotarajiwa. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba sehemu ya upungufu ilitokana na watu kutovuta kwa pamoja, na sehemu ilitokana na kila mtu kujipunguzia juhudi. Wanafunzi wa Kitanzania wanaliita jambo hilo kutegea, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Waliosema mikono mingi kazi haba walikuwa sahihi kuhusu kazi. Kuhusu kujifunza, wingi wa mikono huficha iliyolegea.

Mkao una suluhisho rahisi kuliko inavyodhaniwa. Madawati ya shule nyingi ni marefu na mazito, wanakaa watatu watatu, na kuyaburuza kwenye sakafu ya saruji hula dakika na kusumbua jengo zima. Wanafunzi wa dawati la kwanza wakiwageukia wa la pili, na wa la tatu wakiwageukia wa la nne, vikundi vya watu sita vinapatikana bila kusogeza kitu. Kazi ikihitaji watu watatu, dawati moja linatosha. Pale ambapo darasa linafurika, vikundi kadhaa hutoka nje chini ya mwembe, na kiranja anabaki kuangalia muda.

Swali lenye kazi ya watu wengi

Agizo la “jadilini maana ya msuguano, faida na hasara zake” ndilo linaloandikwa mara nyingi kwenye maandalio ya somo, na ndilo linaloua vikundi vingi. Jibu lake lipo kitabuni, ukurasa unajulikana. Anayeshika kitabu anasoma, anayeandika vizuri ananakili, wengine wanasubiri. Kikundi kimekaa, karatasi ya manila imejaa maandishi, na hakuna aliyefikiri.

Swali linalofaa lina sifa tatu. Kwanza, linahitaji uamuzi, si maelezo tu. Pili, lina zaidi ya jibu moja linaloonekana kuwa sahihi mwanzoni, ili wanafunzi watofautiane. Tatu, lina njia ya kuthibitisha bila kumuuliza mwalimu. Mfano wa Hisabati: kati ya 2/5 na 3/8, ipi ni kubwa? Wapo wanaosema 3/8, kwa sababu 3 inazidi 2 na 8 inazidi 5. Wapo wanaosema 2/5, kwa sababu vipande vya tano ni vikubwa kuliko vya nane. Sababu ya pili inaishia kwenye jibu sahihi lakini haijakamilika, na mjadala mzuri huibua hilo: je, vipande vitatu vidogo haviwezi kuzidi viwili vikubwa? Kikundi kinalazimika kuchora au kutafuta asili moja, na kinapofika kwenye 16/40 na 15/40, kila mmoja anaona kwa nini nusu ya hoja haitoshi.

Mfano wa Fizikia unaokumbukwa kwa matokeo yake ni wa pendulamu. Vifaa ni uzi, mawe ya ukubwa tofauti, rula na saa. Swali ni moja: ni nini kinachobadilisha muda wa jiwe kubembea kwenda na kurudi? Kabla ya kugusa uzi, kila mwanafunzi anaandika dhana yake. Katika Kidato cha Pili walio wengi waliandika uzito, kwa hoja kwamba jiwe zito lazima liende haraka. Baadaye vikundi viligawana kazi: vingine vilibadilisha jiwe, vingine urefu wa uzi, vingine umbali wa kulivuta jiwe kabla ya kuliachia. Kila kikundi kilihesabu mabembeo kumi na kugawanya, ili kosa la kubonyeza saa lipungue.

Waliobadilisha jiwe walipata muda uleule, na wengi walirudia jaribio wakidhani wamekosea. Waliobadilisha umbali, mradi hawakuzidisha, hawakuona tofauti yoyote ya maana. Waliobadilisha uzi walipata sekunde mbili hivi kwa uzi wa mita moja, na sekunde moja kwa uzi wa sentimita 25. Kisha vikundi vilivunjwa na kupangwa upya kwa namna ya Aronson, ili kila kikundi kipya kiwe na mtu kutoka katika kila jaribio. Hakuna aliyeweza kujibu swali zima bila takwimu za wenzake. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali kuliko wowote ambao maelezo ya ubaoni yangeuzaa: kwa nini uzi ulipopunguzwa mara nne, muda ulipungua mara mbili tu? Kanuni yenye kipeuo cha pili, ambayo kwa kawaida hukaririwa, iliingia ubaoni ikiwa jibu la swali lililokwisha kuulizwa na wanafunzi wenyewe.

Maandalizi ya somo kama hilo huchukua muda zaidi ya kunakili muhtasari, na ukweli huo haupaswi kufichwa. Lakini swali likishaandaliwa hutumika mwaka baada ya mwaka. Walimu wa idara moja wanaobadilishana maswali wakati wa mafunzo yao ya kazini hujikuta baada ya muda mfupi na hazina inayowatosha.

Nani akae na nani, na afanye nini

Wanafunzi wakiachiwa wajichagulie, vipanga hukaa na vipanga, marafiki na marafiki, na wale ambao darasa limekwisha kuwaita vilaza hubaki nyuma wakiunda kikundi ambacho hakuna aliyekitaka. Kuhesabu moja hadi kumi na sita, kisha wenye namba moja wakae pamoja, ni njia ya haraka na haina lawama. Kwa kazi ndefu ni bora mwalimu apange mwenyewe, akichanganya wanaoweza kwa viwango mbalimbali bila kuacha pengo kubwa mno. Pengo likizidi, anayejua anatoa jibu badala ya maelezo, na anayepokea jibu tupu hajifunzi kitu. Vikundi vya kudumu hufaa kwa muda, kisha vibadilishwe kabla havijawa vijiwe.

Majukumu nayo yahitaji jicho. Vyuo hufundisha kwamba kila kikundi kiwe na mwenyekiti, katibu, mtunza muda na msemaji. Katika madarasa mengi mpango huo ulifuatwa kwa namna ileile kila mara: mvulana ndiye mwenyekiti, msichana mwenye mwandiko mzuri ndiye katibu. Katibu anaandika mawazo ya wengine kipindi kizima, na kwa kuwa anaandika, hapati nafasi ya kusema. Dawa ni kuzungusha majukumu kila kazi mpya, na kuweka jukumu moja ambalo vitabu vingi havilitaji: mpinzani, ambaye kazi yake ni kuuliza “tunajuaje?” kabla kikundi hakijakubaliana. Mwanafunzi mkimya aliyepewa jukumu hilo huuliza bila kuonekana mkorofi, kwa kuwa anatimiza alichoagizwa.

Lugha ya mjadala

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na katika sekondari ni Kiingereza. Badiliko hilo huangukia vikundi kwa uzito kuliko eneo lingine lolote la ufundishaji. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anayeambiwa ajadili kwa Kiingereza pekee mara nyingi hujadili kwa maneno matatu, kisha hunyamaza. Katika shule zilizobandika mabango ya kukataza Kiswahili, vikundi vilikuwa vimya hadi mwalimu alipogeuza mgongo. Hapo mjadala wa kweli ulianza, kwa kunong'ona na kwa Kiswahili.

Utaratibu uliofanya kazi ulitenganisha hatua mbili. Wanafunzi wanafikiri na kubishana kwa lugha wanayoimudu. Wakishakubaliana, kikundi kinaandaa taarifa kwa Kiingereza, na kazi ya kutafuta maneno inakuwa sehemu ya zoezi. Msamiati muhimu huandikwa pembeni mwa ubao tangu mwanzo. Mtihani wa taifa uko kwa Kiingereza, kwa hiyo hatua ya pili haiwezi kuachwa. Lakini hatua ya kwanza ikiondolewa, hakuna kitakachotafsiriwa.

Mwalimu akiwa kati ya vikundi

Kazi ya mwalimu wakati vikundi vinaendelea ni kusikiliza. Hapaswi kukaa mezani akisahihisha madaftari ya darasa jingine, wala kusimama kwenye kikundi kimoja akikifundisha upya kwa dakika kumi huku vingine kumi na tano vikisubiri. Anapita, anasikia hoja, anaandika kwenye kijitabu chake makosa yanayojirudia na mawazo yanayofaa kuletwa mbele ya wote. Kikundi kikikwama, anauliza swali dogo linalofungua njia kisha anaondoka. Anayejibu kila anachoulizwa huwafundisha wanafunzi kwamba njia fupi ni kumsubiri yeye.

Kusubiri kwa mwalimu mwenyewe kuna ushahidi wake. Katika tafiti zake za miaka ya 1970, Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi zaidi walijitokeza. Kanuni hiyo inafaa pia kwa mwalimu anayesimama kando ya kikundi kilichonyamaza. Ukimya huo si lazima uwe wa kutojua. Mara nyingi ni wa mtu anayetafuta namna ya kulisema jambo.

Kuripoti bila kumaliza kipindi

Sehemu inayoharibu ratiba kuliko zote ni uwasilishaji. Darasa la wanafunzi 80 katika vikundi vya watano ni vikundi 16. Kila kimoja kikipewa dakika tatu za kuwasilisha, zinahitajika dakika 48, na kipindi kizima ni dakika 40. Mwalimu anayesisitiza wote wawasilishe huishia kusikia vikundi sita, saba vikisoma jambo lilelile, kisha kengele inalia kabla hajafanya majumuisho.

Zipo njia nne zilizokuwa nafuu. Ya kwanza ni kuita vikundi viwili vilivyofikia majibu tofauti, na kuliacha darasa liamue. Ya pili ni kumtaka kila msemaji aongeze tu ambacho hakijasemwa. Ya tatu ni kubandika kazi ukutani na wanafunzi kupita wakisoma na kuandika maswali. Pale ambapo bei ya manila na maka peni ilikuwa mzigo, migongo ya kalenda za zamani na pande za maboksi zilitosha. Ya nne, na yenye nguvu zaidi, ni kuwapa wanakikundi namba na kuitaja namba moja bila kutangaza mapema: “Namba tatu wa kila kikundi, andika jibu na sababu.” Kwa kuwa hakuna anayejua atakayeitwa, kikundi hakina budi kuhakikisha kila mmoja ameelewa. Kutegea hupungua kwa utaratibu huo kuliko kwa karipio lolote.

Majumuisho ni ya mwalimu. Vikundi huweza kufikia jibu lisilo sahihi kwa pamoja na kwa furaha, na darasa linalotoka na kosa lililopigiwa makofi limepata hasara. Dakika tano za mwisho za kusahihisha, kutaja hoja bora na kuunganisha na somo linalofuata hazipaswi kuliwa na shughuli nyingine.

Alama

Alama moja kwa kikundi kizima huleta manung'uniko ya haki. Aliyefanya kazi anajiona ameibiwa, aliyetegea anajiona ameshinda. Alama za mtu binafsi peke yake nazo huua ushirikiano, kwa kuwa anayejua hana sababu ya kumsaidia mwenzake. Ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, David na Roger Johnson, waliotumia miaka mingi kuchunguza ujifunzaji wa ushirikiano, walisisitiza mambo mawili yaende pamoja: wanakikundi wategemeane, na kila mmoja awajibike binafsi. Kwa vitendo, kazi hufanywa pamoja, kisha kila mmoja hufanya jaribio fupi peke yake siku inayofuata. Kikundi ambacho wote wamevuka kiwango fulani huongezewa alama kidogo. Mwanafunzi anayejua kwamba alama zake zinagusa za wenzake, na bado atapimwa peke yake, ana sababu ya kufundisha na sababu ya kujifunza.

Pale vikundi visipofaa

Si kila somo linahitaji vikundi. Jambo jipya kabisa, ambalo hakuna mwanafunzi mwenye pa kuanzia, hufundishwa vizuri zaidi kwa maelezo mafupi na mfano uliokamilika ubaoni. Watu watano wasiojua kitu hawakijui kwa kukaa pamoja. Stadi zinazohitaji mazoezi ya mkono na kichwa, kama kurahisisha milinganyo au kuandika sentensi sahihi, zinadai muda wa mtu kukaa peke yake na daftari lake. Kazi za hatari za maabara, zenye asidi au moto katika chumba kilichojaa, zina masharti yake na haziruhusu msongamano wa vikundi visivyosimamiwa. Hata pale vikundi vinapofaa, dakika 10 au 15 ndani ya kipindi mara nyingi hutosha.

Mwalimu anayeanza hahitaji manila, semina wala darasa la wanafunzi 40 ili ajaribu. Aandae swali moja lenye mabishano, awape wanafunzi dakika moja ya kuandika kila mtu peke yake, dakika nne za kuzungumza na jirani, kisha aite majina asiyozoea kuyaita. Akifanya hivyo mara moja kwa wiki kwa muhula mzima, atakuwa na hazina ya maswali na darasa lililozoea kujieleza. Wakuu wa shule nao wana wajibu: wanapopita kwenye madirisha, wasipime somo kwa ukimya wa darasa. Wasimame wasikilize kinachosemwa ndani, kisha wamuulize mwalimu amewapa wanafunzi swali gani.